Babu, Ninashona Kilti

Babu yangu,

Sijamwambia mtu yeyote: chuo cha uhasibu siendi. Mama anadhani kazi yangu ya kuuza duka la nguo ni ya muda tu, nikisubiri chuo kufunguliwa. Kumbe nipo chumba cha nyuma, kwa mafundi, najifunza kushona kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti. Jana Bi Morag, fundi wangu, kaniuliza kama nitabaki. Nikasema ndiyo, kwa sauti ndogo hata akaniuliza tena.

Unamkumbuka yule Mskoti tuliyemwona barabarani Edgware Road, kavaa kilti, katoka harusini? Mimi niliona haya. Wewe ukacheka: "Tazama, naye kavaa kikoi chake!"

Siku ya kwanza niliifunga kilti kama ulivyokuwa ukifunga kikoi, marinda yote yakaja tumboni. Bi Morag alicheka mpaka akakaa chini. "Marinda nyuma, mwanangu! Mbele huwa bapa!"

Yeye ndiye aliyenihadithia. Zamani vazi hili lilikuwa shuka kubwa la sufu: mchana mtu anajifunga, usiku anajifunika. Watu wa milimani wakaasi, wakashindwa, serikali ikawakataza wanaume kulivaa. Miaka mingi, Babu. Liliporuhusiwa, hata matajiri waliokuwa wakilidharau wakalitaka. Na ile miraba ya kitambaa inayotambulisha kila ukoo, mingi si ya kale kama watu wanavyojigamba. Lakini mteja akijitazama kwenye kioo amevaa ya kwao, mara nyingine machozi humtoka.

Hapo nakufikiria wewe. Hakuna serikali iliyokukataza kikoi hapa London. Ni wale vijana wa kituo cha basi tu: "Mzee kavaa sketi!" Tangu siku ile ukakivaa ndani, mlango umefungwa. Mpaka leo inaniuma.

Tangu ututoke, kwenye kiti chako cha dirishani Mama anarundika nguo za kupiga pasi. Hataki mtu akae. Akiniona na sindano, hata nikishona kifungo tu, husema, "Hatukuyakimbia mapinduzi Unguja ili wewe uje kushonea watu nguo." Namwelewa. Ndiyo maana naogopa.

Kwaheri, Babu. Mungu akupumzishe. Nakuahidi, nikimaliza kilti yangu ya kwanza nitamwambia Mama mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, hata sauti ikitetemeka. Mpaka hapo nifichie siri hii. Najua unamjia ndotoni, asubuhi hutusimulia. Ukimjia, zungumzeni mengine.

Mjukuu wako,
Salma