Saz Yako Nimeipiga, Usta

Usta Haydar,

London nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Juzi kwenye arobaini yako niliipiga saz yako, huo udi wenu mwembamba, mbele ya ukumbi mzima wa Waturuki, wakalia hadi chai ikapoa vikombeni. Wazee wenye masharubu ya kufagilia walipanga foleni kunishika mkono. Wanijua, mimi kujisifu sipendi, lakini ukweli nao usemwe.

Nakuandikia Kiswahili maana Kiingereza chetu, mimi na wewe, kilikuwa cha chai na mvua tu. Huko uliko sidhani kama watu wahitaji mkalimani.

Habari za mtaa wetu wa Kilburn: duka lako la kushona viatu sasa lauza kava za simu. Mimi bado niko chumba kile kile cha juu. Nikitoka kazini, nimeshaogesha wazee wa watu na kuwachekesha, naikanyaga sakafu kwa nguvu, makusudi. Hakuna anayeigonga dari kwa mpini wa ufagio. Zamani ukigonga nilijua birika limechemka, na sauti yafuata: "Mombasa, shuka!" Wiki iliyopita nilishuka tu, hivi hivi. Muuzaji akaniuliza kama nataka chaja.

Wakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza? Nilisikia nyuzi chini ya sakafu, nikadhani ni udi wenye mafua, nikashuka kukufundisha! Mimi niliyepiga udi arusi za Mombasa hadi bwana arusi akamsahau bibi arusi. Ukanipa saz, shingo ndefu kama twiga, vidole vyangu vikapotea njia. "Polepole," ukasema. "Huo ni mkono, si nyundo." Ndipo nikaanza kukuita Usta, kama wenzako wanavyomwita fundi. Ukanifundisha nyimbo za watu wa kwenu walioacha milima wakaenda kutafuta kazi nchi za watu. Maneno sikuyajua, lakini mamangu nilimwona humo, amekaa kibarazani, anauliza wapita njia kama wamepata habari zangu.

Na ile aibu ya ukumbini, siku uliyonipeleka kwa wenzako! Uliibusu saz, ukafumba macho, ukaimba. Mimi damu ya taarabu ikanipanda. Nikainuka, mkono juu, kiuno chajiendea chenyewe, nikaja kukutuza: noti ya pauni tano, pa, kwenye paji la uso. Ukumbi mzima wakanigeukia. Nitajuaje kwamba wimbo ule kwenu ni ibada, hata makofi hayapigwi? Mkeo akajifunika mtandio, nikasema huyu nimemuua kwa aibu, kumbe mwenzangu anacheka. Wewe ulimaliza beti zote noti imekuganda usoni, ndipo ukawaambia, "Kwao hivi ndivyo wanavyoitikia amina." Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena nimefuata nini pale.

Ulipokwenda, mkeo alipanda ngazi zangu na mguu wake mbovu, saz kaikumbatia kama mtoto. "Alitaka wewe uipige siku ya arobaini yake," akasema. "Si mwingine." Nikamwambia, mama, hilo limekwisha.

Ukiniuliza mji huu una watu wangapi, nitakwambia umejaa. Lakini wa kunikosoa mkono hakuna.

Basi lala, Usta wangu. Mola akupe nafasi na birika lisilopoa. Nakuahidi Jumapili nitaipeleka saz jikoni kwa mkeo, niipige hata kama vidole vitapotea njia tena, anicheke akitaka.

Maana arobaini sikupiga. Nilifika hadi mlangoni na saz mgongoni, nikasikia ndani wananyamaza kunisubiri, nikageuka nikapanda basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenishika mkono. Nimekudanganya, Usta.