Kilomita Elfu Kumi na Mbili Hadi Kiseke

Jumatatu, 16 Juni 2025

Daktari ameturuhusu kurudi nyumbani Kiseke na mke wangu, Maulida. Hakutaja siku. Alisema tu tukae karibu na mgonjwa. Nimemwelewa.

Binti yetu Zakia amepata tiketi! Ataondoka Toronto usiku wa huko, kwetu ikiwa alfajiri ya kesho. Nimetafuta umbali katika simu: Toronto hadi Mwanza, kilomita elfu kumi na mbili hivi, muda wa kuruka, saa kumi na nne na nusu. Nikamtangazia Maulida, kwa maneno niliyoyapanga vizuri, kwamba kesho magharibi mwanawe ataingia kwa mlango huu. Akatabasamu — mara ya kwanza tangu Idi.

Jumanne, 17 Juni 2025

Mchana Maulida aliagiza aogeshwe. Jirani yetu Evelina akamvika dera jipya, akampaka wanja. "Bibi harusi huyo! Baba Zakia, andaa mahari upya." Tulicheka. Kisha Maulida akataka akalishwe kitini, uso mlangoni.

Saa kumi Zakia alipiga simu kutoka Istanbul. Nikamwuliza huko anafanya nini, nikamtajia saa zangu kumi na nne na nusu. "Baba, hizo saa zako ni za mstari ulionyooka. Hakuna ndege ya hivyo. Nalala hapa, kesho mchana niko Dar, ndipo nipande ya Mwanza."

Mimi, ninayewaandikia watu wa mtaa mzima barua zao za maombi, sikupata sentensi moja ya kumwambia mke wangu. Magharibi ikapita. Akauliza, "Bado?" Nikajibu kwamba yu njiani. Isha ikapita. Amekataa kulazwa.

Jumatano, 18 Juni 2025

Maulida amefariki kabla ya alfajiri. Kitini. Wanja bado machoni.

Kaka yake, shemeji yangu Yahaya, alitaka azikwe adhuhuri. Nilisimama mbele ya wazee nikawasilisha ombi rasmi: binti asubiriwe, amwone mama yake uso. "Shemeji, unasema vizuri mno," akajibu Yahaya, "lakini dada yangu amesubiri vya kutosha." Hata hivyo waliniongezea hadi alasiri.

Saa saba Zakia alitua Dar. Ndege ya Mwanza imesogezwa hadi saa moja usiku! Alikuwa akilia: "Baba, msimzike. Nakuomba."

Alasiri imekwisha kuswaliwa. Nimejifungia chumbani niandike barua ya kuomba usiku mmoja tu. Aya ya kwanza imekaa sawa. Ya pili haiji.

Yahaya ameingia. Hakufoka. Ameketi kitandani, upande aliokuwa akilala dada yake. Anasema wazee wameniachia mimi: nikitaka asubiri, atasubiri, nikitaka aende, wananyanyua jeneza. "Ila usitusomee barua, shemeji. Sema tu."

Simu inaita — ni Zakia. Yahaya ananitazama mdomoni.