Kibodi ya Manila

Mama, shikamoo, na pole na baridi ya Njombe.

Huku Mikindani mvua haikatiki, na tangu Jumatatu hadi jana umeme hatukuwa nao. Kompyuta tulizoletewa zilikuwa zimefunikwa nailoni, kwa hiyo nikawa nawafundisha walimu wenzangu kuchapa kwenye kibodi nilizozichora kwenye karatasi za manila. Ndiyo kazi niliyoifuata huku!

Jana nilisimama nyuma ya Mwalimu Somoe, anayekaribia kustaafu. Vidole vyake vilikuwa vinarudia kitu kimoja. Nikavifuata herufi kwa herufi: Bakari rudi, Bakari rudi. Bakari ni mwanawe, alivuka Ruvuma kwenda kutafuta kazi Msumbiji, na tangu mwaka juzi hajasikika. Nikajifanya sijaona.

Saa nane umeme ukarudi, darasa zima likashangilia. Nikamwashia mashine, nikamwambia, "Haya mwalimu, sasa chapa chochote."

Akaitazama skrini nyeupe, akarudisha mikono mapajani.

"Hapa litaonekana, mwanangu. Nipe karatasi yangu."

Mama, kila nikikupigia unaniuliza kama nimekula. Nimekula, Mama. Safari hii niambie tu nirudi.

Mwanao,
Neema