Kampuni Nayo Ina Baba

Wafula, ndugu yangu,

Nimekasirika, na wa kwanza kuambiwa ni wewe, kama zamani tukipika pale chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, nikilalamika mpaka maji ya sima yanakauka. Kitandani kwako siku hizi analala Mnepali. Mtu mzuri, ila ukimya wake unanichosha.

Jana kampuni iliyokuajiri ilisifiwa. Nilikuwa na sinia la juisi nikihudumu katika ukumbi wa hoteli yetu, mtaa wa West Bay, mjumbe wa biashara kutoka Uingereza akasimama, akasema kampuni ile ya kufunga AC ni mtoto wa nchi yake, na popote iendapo serikali iko nyuma yake. Watu wakapiga makofi. Na wewe umelala kaburini Bungoma tangu ulipoanguka juani kwenye paa walilokupandisha, na karatasi yao inasema moyo ulisimama. Ni nani amewahi kufa moyo ukiendelea kudunda? Upuuzi mtupu.

Nilikumbuka siku ulipopiga pasi shati ukaenda ubalozi wa Uingereza kushtaki kwamba mnapandishwa paani jua la saa saba. Nilikucheka. Ukaniambia, "Mtoto akivunja dirisha yako hupigani na yeye, unaenda kwa baba yake." Ndivyo tulivyolelewa. Askari wa getini, Mganda mpole, akakueleza kwamba pale husikilizwa raia wao tu. Ukarudi, na kesho yake ukapanda paa.

Basi jana nikamfuata yule mjumbe. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu chote, kwamba huyo mtoto wao ameniulia ndugu. Akasikitika, kweli, nilimwona. Kisha akasema yeye amekuja kwa biashara, mambo ya wafanyakazi yana wenyewe. Akachukua glasi kwenye sinia langu, akanishukuru. Ikitafutwa kandarasi, kampuni ina baba. Mtu akifa, inakuwa yatima.

Leo supavaiza amenihamishia kuosha vyombo. Sawa tu. Wiki ijayo naenda likizo nyumbani, na mtu wa ofisi yenu amenipigia akiniomba nimtulize mama yako, nimwambie ulikuwa ukiugua kichinichini.

Lala salama, ndugu yangu. Nitaketi na mama jikoni kwake, na akiniuliza, nitamwambia ni jua. Nitamwambia ulilalamika na bado ukapandishwa. Na jina la kampuni nitamtajia polepole, mpaka aweze kulitamka mwenyewe.

Ndugu yako,
Barasa