Nilichomjibu mwalimu wa Aline

Alhamisi, Novemba. Tangu asubuhi inaanguka theluji ya majimaji, ile inayoyeyuka kabla ya kutua. Saa tisa tu taa za barabarani zilikuwa zimewaka.

Leo nimesema uongo mbele ya watu, na binti yangu akanifichia.

Aline anasomea mambo ya lugha chuoni. Leo wanafunzi walikuwa wakieleza kazi zao, na wazazi tulikaribishwa. Ni mara ya kwanza ananialika mahali tangu tumzike mama yake. Nilivaa tai.

Alieleza Kikuot, lugha ya vijiji vichache katika kisiwa cha New Ireland, huko Papua New Guinea. Lugha zote zinazoizunguka zina undugu. Hii imebaki peke yake. Wataalamu wametafuta, hawajaipatia hata binamu. Kila kitu huhesabiwa kuwa cha kike au cha kiume. Na katika sentensi kitendo hutangulia: "Amekula mtoto samaki."

"Kwa hiyo ukitaka kunisingizia, unaanza na 'ameiba'?" kijana mmoja akauliza.

"Ndiyo. Halafu jina lako."

Watu walicheka. Mama Aline angecheka kuliko wote, huku akijipiga mapaja.

Kisha Aline akasema kwamba watoto wa kule wanawaelewa wazee wao, lakini wanawajibu kwa Tok Pisin, lugha ya sokoni na shuleni. Nikaangalia viatu vyangu.

Mwalimu wake, mama mpole, akanigeukia. Akataka kujua sisi nyumbani tunazungumza nini.

"Kirundi," nikasema. "Kila siku."

Aline aliinamia karatasi zake.

Ukweli ni kwamba Kirundi kwetu kilikuwa lugha ya kufichia. Mimi na mama yake tulikitumia kwa ugomvi na kwa habari mbaya. Kwa Aline tulisema Kiswahili, naye akatujibu kwa Kiswidi.

Kwenye treni alinichokoza. "Kila siku, Papa? Na nani?"

Kisha uso wake ukabadilika. Akaniuliza tulisema nini siku ile ya supu, mama yake alipoacha kula akatoka kwenda barazani.

Niliijua siku hiyo. Mama Aline alikuwa ametoka hospitali. Aline alikuwa amekaa katikati yetu, anakula. Mama yake akaniambia kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba daktari amesema hatapona, na tusimwambie mtoto mpaka amalize mitihani.

Mama Aline hakuifikia hiyo mitihani.

"Mambo ya wakubwa," nikamjibu leo.

Ana miaka ishirini na mitatu.

Alishuka Vårby gård, anakoishi na rafiki yake. "Hej då," kwaheri ya Kiswidi, basi.

Nilifika Hallunda nikakaa jikoni, tai ikiwa bado shingoni. Uongo wa chuoni unaniaibisha. Lakini jibu la kwenye treni linaniaibisha zaidi. Zamani tulimfungia mlango tukiwa wawili. Leo nimeufunga peke yangu.

Nikampigia simu. Nikamwambia maneno yote, kwanza kwa Kirundi, kama mama yake alivyoyasema, kisha kwa Kiswahili.

"Ningeacha mitihani, Papa. Ningekaa naye."

Najua. Nilijua hata siku ile mezani. Nilikubali kunyamaza kwa sababu niliogopa kumwona akilia. Hilo pia nimemwambia.

Hakusema amenisamehe. Amesema atakuja Jumapili, nimweleze na mengine yote tuliyokuwa tukisema mbele yake.

Nayakumbuka mengi. Kuna ambayo nilimwambia mama yake akiwa mgonjwa, tena kwa ukali, na yeye Aline akiwa pale pale anachora.

Je, nitathubutu kuyasema hayo pia?