Saruji ya Kaburi la Baba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kuku, ugonjwa wa mdondo umekuachia wangapi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Nimeamua kuandika kwa sababu mtandao wa hapa kisiwani ni wa kubahatisha, na hata ungekuwepo, haya nisingeweza kuyamaliza kwa simu.

Mama, kiwanda chetu cha saruji kina njaa. Kisiwa hiki hakina mawe ya chokaa, kwa hiyo tunachoma makombe ya konokono wa ziwani, kisha tunayasaga na majivu na udongo. Jasi tu, ile ya kuchanganyia mwishoni, ndiyo inatoka kwetu, upande wa Itigi. Magunia yakishushwa kwenye boti huwa nanusa vumbi lake kama mjinga. Sasa makombe yamekwisha ufukweni. Akina mama wanatuletea ya kwenye ndoo, hayajazi tanuru hata nusu. Msimamizi akasema tuongeze udongo, twende hivyo hivyo. Tukaongeza. Kazi ni kazi.

Mifuko niliyoahidi ya kumjengea baba kaburi imetoka kwenye mzigo huo. Nilishaifunga, ilikuwa inasubiri boti. Lakini jirani yangu wa chumba, Masanja, tunayefanya naye kazi, alifiwa na mtoto wake wa kike, akamjengea kaburi kwa mifuko kama hiyo. Ikanyesha mvua moja tu. Tulipokwenda kuangalia tukakuta kaburi linamong'onyoka kwa kidole kama kiporo cha ugali. Masanja hakumlaumu mtu. Alisema, "Danieli, hii si tumeitengeneza wenyewe?"

Najua umeshawatangazia watu kanisani mpaka mnadani. Uliniambia mwenyewe, "Baba yako atalala ndani ya saruji ya mwanawe." Ndiyo maana mmevumilia kaburi la udongo mtupu hadi leo, mbuzi wanapita juu yake. Inaniuma sana, mama, na aibu ninayo.

Nisalimie mdogo wangu Yona na mkewe. Bibi mpe shikamoo yangu, na umwambie blanketi lake sijalisahau. Shemeji Hamisi, aliyejitolea kutoa mkokoteni wake, mshukuru sana, ila asiende tena stendi kupokea mifuko. Haiji.

Muuze yule beberu wangu mweupe. Yona akanunue saruji dukani, Singida mjini, mjenge kabla mvua hazijaanza huko. Na watu wakija kulipapasa kaburi wakasema saruji ya mwanao ni imara, wewe nyamaza tu, mama.

Mwanao,
Danieli