Ngamia Wako Sasa Anapiga Magoti

Mke wangu, Mama Fardosa,

Salamu za amani zikufikie huko uliko. Ukiniona leo hutanijua. Ile shuka uliyoninunulia, ambayo ncha zake zilikataa kukutana tumboni, sasa inanizunguka na kubaki. Naifunga mwenyewe asubuhi, hakuna wa kunicheka.

Unakikumbuka kile kiti cha plastiki? Kila swala nilikikalia mbele yako, wewe nyuma yangu unasujudu kama msichana. Nikilalamikia magoti, jibu lako lilikuwa moja: "Baba Fardosa, ngamia ana miguu minne na anapiga magoti kutwa. Wewe miwili imekushinda?" Nacheka, naomba chai nyingine, vijiko vinne vya sukari. Tangu daktari aseme mwili wangu unaulemea moyo, ulikuwa unazisukuma nyama za mafuta upande wako wa sinia. Nami nazirudisha kwa kidole, nikijifanya nachukua ndizi ya kulia wali. Ulikuwa unaniona. Najua ulikuwa unaniona.

Kisha ikaja siku ile makaburini. Nilitaka kushuka mimi, nikupokee kwa mikono yangu. Mguu mmoja ukatangulia, udongo wa ukingoni ukamomonyoka, kaka yako akanishika bega.

"Shemeji," akaninong'oneza, "ukishuka, tutakutoaje?"

Hakuwa na nia mbaya. Akashuka yeye, akakulaza, akakuelekeza kibla. Mimi nikabaki juu nimeshika koleo kama mgeni aliyepita njia.

Basi nikaanza na kijiko. Mwezi mzima vijiko vitatu, nikaona nakunywa maji ya mto Tana yaliyochemshwa. Vikawa viwili. Sasa ni kimoja, na chai naisikia utamu. Boda ya kunipeleka soko la mifugo nikawa nashuka mtaa mmoja kabla, halafu miwili; siku hizi yule kijana ananipita tu, anapiga honi. Wali nakula kwenye sahani ya Fardosa ya utotoni, ile yenye sungura, kwa sababu sinia la mtu mmoja halitazamiki. Ramadhani sambusa zilinishinda, suruali ikabana tena, nikaanza upya. Si unanijua.

Sokoni wanadhani naumwa. Dalali mwenzangu alinibonyeza kiunoni vile tunavyobonyeza mbuzi kabla ya kumpakia lori, akatikisa kichwa, akasema huyu hafiki Nairobi. Jirani yetu ananiletea nyirinyiri, nyama imelala kwenye samli mpaka inang'aa, eti huzuni inanimaliza. Nashukuru, nawagawia watu. Sawa, kipande kimoja huwa naonja. Na kuhusu huzuni, hakukosea sana.

Jana alasiri nilikuja kwako kwa miguu. Mvua ilikuwa imeyasogeza mawe upande wa kichwani. Zamani ningemwita mtu. Nikapiga magoti, la kulia kwanza, likalia kama bawaba kavu. Nikayapanga mawe moja moja mpaka la mwisho, nikaweka kiganja juu ya udongo, nikakuombea. Kisha nikainuka, sikushika kitu wala mtu. Nikageuka haraka kutazama nyuma, maana hapo ndipo ungesema neno.

Kulikuwa na vumbi tu, na sauti ya mbuzi wa watu mbali.

Kiti nimekitoa nje, kiko uani, kuku wanalala juu yake. Mkeka wako bado nautandika nyuma ya wangu. Nikisujudu nakawia kidogo na paji la uso chini, nasikiliza kama kuna anayecheka.

Lala salama, mama. Nisamehe ile siku. Nimechelewa kushuka, lakini nimefika chini.

Mumeo, yule ngamia wako,
Baba Fardosa